Uchukuzi wa Nukta: Mhadhara juu ya Kadi za Michoro na Uoni wa Kompyuta

Juu ya meza hii nimeweka vitu viwili, kamera ndogo, na kadi ya michoro kuukuu ambayo nimeivua bati lake na feni yake ili matumbo yake yaonekane. Na yote nitakayoyasema jioni hii yamo baina ya vitu viwili hivyo, yaani safari ya nuru tangu iingiapo katika jicho la kioo mpaka itokapo upande wa pili ikiwa imekwisha kuwa habari: huyu ni mtu, ule ni mlango, jani lile lina maradhi.

Kabla sijaendelea yanipasa kutengeneza istilahi moja. Wazee wetu wa pwani walilitumia neno nukta kwa maana mbili, doa dogo la wino na sehemu ya sitini ya dakika, nao hawakupata taabu yoyote, kwa kuwa hapana aliyewauliza ni nukta ngapi zipitazo katika nukta moja. Mimi nitaulizwa. Kwa hiyo jioni hii nukta ni doa la rangi katika picha, lile ambalo vijana huliita pikseli, na wakati nitaupima kwa sekunde.

Picha moja ya video ya kawaida ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla yake 2,073,600, na kila nukta hubeba namba tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu. Kamera hii hutoa picha 25 kila sekunde. Tuseme twataka jambo dogo kabisa, kuilainisha picha ili chembechembe za giza zitulie: tutaitwaa kila nukta pamoja na jirani zake wanane, tutazidisha kila mmoja kwa uzani aliopangiwa, tutajumlisha, na jawabu ndilo litakalokuwa nukta mpya. Hayo ni mazidisho tisa kwa kila namba, mara namba tatu, mara nukta milioni mbili na ushei, mara picha 25, na hesabu yake yafikia 1,399,680,000 kwa sekunde moja. Na hapo bado hatujaona kitu. Tumenawa uso tu. Kutafuta kingo za vitu, kufuata kitu kiendacho, kulinganisha uso huu na ule, yote hayo yaja baada ya kunawa.

Sasa itazameni tabia ya kazi yenyewe. Mshona kanzu hana budi kukata kabla ya kushona, na kushona kabla ya kutarizi, na hata akiletewa mafundi mia hawatamfaa kitu kwa kanzu moja. Lakini katika kulainisha picha, nukta ya pembe ya juu haina haja ya kungoja jawabu la nukta ya pembe ya chini, wala ya kulia haiiulizi ya kushoto imefika wapi. Kazi ya namna hii ukimpa bingwa mmoja mwenye akili nyingi umemtia hasarani bure. Prosesa ya kawaida ya kompyuta ni bingwa wa jinsi hiyo: sehemu kubwa ya mwili wake haikuwekwa kwa ajili ya kuzidisha na kujumlisha, bali kwa ajili ya kubashiri amri ijayo, kuipanga upya foleni ya amri zinazongoja, na kuweka karibu vile inavyodhani vitahitajiwa punde, mithili ya karani mwerevu akuleteaye faili kabla hujaliomba. Kadi ya michoro imeuacha werevu huo kwa makusudi, na nafasi iliyookolewa imejazwa watenda hesabu, kila mmoja mzito wa akili lakini mwepesi wa mikono. Hii iliyo mezani, iliyoingia sokoni Novemba 2006 kwa jina la GeForce 8800 GTX, ina watenda hesabu 128; za siku hizi zina maelfu.

Mwenye kutaka mfano na akumbuke forodhani wakati jahazi linapoteremsha shehena. Nahodha ni mmoja, na werevu wake hauna mpinzani baharini, lakini magunia hayashuki kwa werevu. Yashuka kwa mahamali waliojipanga, na kundi hili likikwama ghalani likingojea mlango ufunguliwe, kundi jingine limekwisha kuinama jahazini. Ndivyo ifanyavyo kadi: kazi za nukta hizi zikingojea namba zao zitoke katika kumbukumbu, haizibembelezi, yageukia kazi za nukta nyingine zilizo tayari, hata kule kungoja kusionekane.

Kadi hizi hazikuzaliwa kwa ajili ya elimu. Zilizaliwa kwa ajili ya michezo ya vijana, ambayo shida yake ni kuchora pembetatu nyingi mno na kuzivika ngozi ya picha ili zionekane kuta, nyasi na nyuso. NVIDIA, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1993, ilitoa GeForce 256 mwaka 1999 ikiitangaza kuwa prosesa ya michoro ya kwanza duniani, tangazo la kibiashara ambalo wapinzani wake hawakulipenda; na mwaka 2001 GeForce 3 ikamruhusu mtunga programu aandike mwenyewe amri fupi za kuamua rangi ya kila nukta, badala ya kuchagua katika zile zilizopikwa kiwandani. Watafiti wa picha wakauona mwanya. Hila waliyoifanya, nami kwa kweli naipenda mpaka leo, ni hii: waliiagiza kadi ichore mstatili mmoja uliojaa kiwambo kizima, wakauvika picha iliyotoka katika kamera kana kwamba ni ngozi ya ukuta wa ngome mchezoni, na pale penye amri ya kupaka rangi ukuta wakaandika hesabu yao ya kulainisha au kutafuta kingo. Kadi ikadhani inapaka chokaa. Kumbe inafanya hisabati. Katika Chuo Kikuu cha Toronto, James Fung na Steve Mann walikusanya maarifa ya jinsi hii katika programu waliyoiita OpenVIDIA, na hawakusita kutia kadi kadhaa ndani ya kompyuta moja. Mann ni mtu aliyejulikana kwa kuvaa kamera na kompyuta mwilini kwa miaka mingi, na anayeona dunia kupitia kamera hawezi kustahimili picha ichelewayo, sembuse akiwa anatembea.

Hila ina taabu zake. Jawabu lazima litoke katika sura ya rangi, kosa huonekana kama doa la zambarau pasipo kujulikana limetoka wapi, na mwanafunzi wa uoni hulazimika kwanza kusoma sanaa ya michezo asiyoicheza. Taabu hizo zilikoma ulipotoka mfumo wa CUDA, uliotangazwa mwishoni mwa 2006 na kutolewa 2007, ambao humwachia mtu kuiandikia kadi amri kwa lugha iliyo ndugu wa C, bila kutaja ukuta wala pembetatu.

Na watungaji wa mfumo huo, walipotafuta majina ya mambo mapya, walikwenda kwenye kitanda cha mfumi. Kila nukta hupewa uzi wake, na nyuzi 32 hufungwa pamoja, fungu ambalo Waingereza hulipa jina la zile nyuzi za urefu katika nguo, na ambalo sisi hatuna haja ya kulikopa, maana tuna mtande tangu zamani, pamoja na mwenzake mshindio. Sheria ya mtande ni kwamba nyuzi zote 32 hutii amri moja kwa wakati mmoja. Ikiwa amri yasema, nukta yenye mwanga ipite huku na yenye giza ipite kule, mtande hauchaniki: nyuzi zote hupita huku, zile za giza zikiwa zimefumba macho, kisha zote hupita kule, zile za mwanga zikiwa zimefumba macho, na muda unaolipwa ni wa njia zote mbili. Kwa sababu hiyo, mbinu iliyo bora kwa prosesa ya kawaida yaweza kuwa mbovu kwa kadi. Mbinu ya Paul Viola na Michael Jones ya mwaka 2001 ya kutafuta nyuso ni mfano mzuri: sifa yake yote ilikuwa kukataa upesi, yaani kila kidirisha cha picha huulizwa swali dogo, na kisichofanana na uso hutupwa papo hapo, ili maswali mazito yabakie kwa vidirisha vichache. Juu ya kadi, kidirisha kimoja kikaidi ndani ya mtande huwaweka ndugu zake 31 wakingoja ilhali wao wamekwisha kukataliwa zamani, na ile haraka ya kukataa yapotea.

Nami niwasimulie kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha jambo ambalo vitabu vilikuwa vimeniambia nisilisikie. Nilikuwa na programu ya hatua nne: kulainisha, kutafuta kingo, kukondesha kingo, na kuhesabu vitu vilivyozungukwa na kingo hizo. Juu ya prosesa ya kawaida ilijikokota, ikiruka picha nyingi za kamera. Nikaiandika upya hatua kwa hatua kwa ajili ya kadi, kila hatua nikiijaribu peke yake, kila moja ikitoa jawabu sahihi, nami kila usiku nikilala nikiwa na furaha. Siku nilipoziunga zote nne, programu ilienda polepole kuliko ile ya kwanza. Nilidhani kadi imeharibika. Niliizima, nikaiwasha, nikapuliza vumbi, nikabadilisha waya wa umeme, nikafanya yote afanyayo mtu asiyetaka kujishuku.

Kosa lilikuwa katika uchukuzi. Kwa kuwa nilizijaribu hatua moja moja, kila hatua nilikuwa nimeiandika hivi: ipeleke picha kwenye kadi, fanya hesabu, irudishe picha. Tena, kwa kupenda usahihi, nilikuwa nimezigeuza namba zote kuwa za desimali kabla ya kuzipeleka, na namba ya desimali yahitaji baiti nne pale ambapo namba ya kamera yahitaji moja. Picha yangu ya baiti milioni sita na ushei ikawa ya baiti 24,883,200. Njia itokayo kwenye prosesa kuingia katika kadi hii hupitisha, kwa mwendo wake wa juu kabisa, baiti bilioni 4 kwa sekunde. Gaweni wenyewe, mtaona kwamba kwenda ni milisekunde 6 na ushei, na kurudi vivyo hivyo. Hatua nne, kwenda na kurudi, zatimia milisekunde 50, na kamera yaleta picha mpya kila baada ya milisekunde 40. Yaani lau watenda hesabu wangu 128 wangalikuwa malaika, wamalizao kila kitu kwa kufumba na kufumbua, bado ningalichelewa, kwa sababu shehena ilikuwa njiani.

Sasa linganisheni. Ndani ya kadi yenyewe, baina ya watenda hesabu na kumbukumbu yao, njia ni ya baiti bilioni 86 kwa sekunde, na picha ileile husomwa yote kwa muda usiofika theluthi ya milisekunde moja. Dawa basi ilikuwa sahali kiasi cha kuaibisha: kuipeleka picha mara moja ikiwa bado katika baiti zake za kamera, jambo lichukualo milisekunde moja na nusu, kuigeuza desimali kulekule, kuzifanya hatua zote nne bila ya kuiondoa, na kurudisha si picha bali idadi na mahali pa vitu, namba chache ziwezazo kuandikwa nyuma ya bahasha. Usiku ule kamera ilienda bila kuruka picha hata moja, na mimi sikulala vilevile, kwa hasira ya wiki zilizopotea.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza habari za njia kabla ya habari za hesabu, na nisomapo kazi za wakubwa nakuta nao wamepita humo humo. Msanifu wa kompyuta Gene Amdahl alikwisha kuonya tangu 1967 kwamba sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo itakayokuwa mpaka wa haraka yote: ikiwa sehemu moja katika kumi haigawiki, hata ukiajiri watu milioni hutaizidi kasi ya mwanzo mara kumi. Uchukuzi aghalabu ndio ile sehemu moja katika kumi.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, huko Seattle, walitangaza kwamba wameujenga upya mji wa Roma kwa siku moja, yaani wametwaa takribani picha 150,000 zilizopigwa na watalii na kuwekwa hadharani kwenye intaneti, wakazilinganisha, na wakapata umbo la magofu na makanisa katika vipimo vitatu. Kazi hiyo iligawanywa kwa kompyuta nyingi zenye jumla ya viini vya prosesa karibu 500. Mwaka uliofuata Jan-Michael Frahm na wenzake, wengi wao wa Chuo Kikuu cha North Carolina, waliifanya kazi ya jinsi ile kwa kompyuta moja iliyotiwa kadi za michoro, na picha zao hazikuwa laki moja na nusu bali karibu milioni 3. Msomaji wa haraka hulipokea jambo hili kuwa sifa ya kadi, nami sikatai, lakini insafu yataka tuseme yote. Ukitaka kulinganisha kila picha na kila mwenziwe katika picha milioni 3, jozi zake zafikia 4,500,000,000,000, na hapana kadi iliyokuwapo wakati ule ambayo ingelimaliza hesabu hiyo kwa siku moja. Walichofanya kwanza ni kuifupisha kila picha kuwa muhtasari mdogo wa sifuri na moja, ili mihtasari iingie katika kumbukumbu ya kadi bila ya safari nyingi. Kisha wakaiagiza kadi ikusanye zifananazo makundi makundi, wakatoa katika kila kundi picha moja ya kuwakilisha nyingine, na ulinganifu ule mzito wakaubakisha kwa wawakilishi. Ukweli ni kwamba watalii wote husimama mahali pamoja.

Tukio la 2012 mmelisikia, kwa hiyo nitalipitia haraka. Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Toronto walifundisha mtandao wa neva bandia wenye vigezo milioni 60 kutambua vitu vya namna 1,000 katika picha milioni 1.2, kwa kadi mbili za michezo aina ya GTX 580, kwa muda wa siku tano au sita. Na katika mashindano ya mwaka huo makosa yao yalikuwa asilimia 15.3 pale ambapo aliyewafuata alikuwa na asilimia 26.2. Ninalotaka mlione ni dogo kuliko hayo. Kila kadi ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 3 tu, mtandao haukuenea humo, basi wakaupasua nusu kwa nusu, na wakaamuru kadi hizo mbili zisemezane katika baadhi ya tabaka peke yake, na katika tabaka nyingine kila moja ifanye lake kimya. Kadhalika, zile picha zilizokatwa na kupinduliwa ili kuuzidishia mtandao mazoezi zilitengenezwa na prosesa ya kawaida wakati kadi inaendelea na fungu lililotangulia, kwa hiyo hapana aliyemngoja mwenziwe. Huo ni ustadi wa msimamizi wa forodha.

Katika zile namna 1,000 za picha, zaidi ya mia moja ni mbari za mbwa, jambo lililowahi kunichekesha mpaka nilipoona limetufaa sisi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State na wa taasisi ya kilimo ya IITA walitumia mtandao wa ukoo ule, uliokwisha kufundishwa kwa mbwa na vyombo vya nyumbani, wakaufundisha tena tabaka zake za mwisho kwa picha za majani ya muhogo zilizopigwa Tanzania. Kwa kuwa macho yake yalikuwa yamekwisha kufunguka, picha elfu chache zilitosha kuutambulisha batobato na michirizi kahawia, na hii ya pili ni maradhi ambayo mtafiti H. H. Storey aliyaeleza mwaka 1936 akiwa Amani, milimani Usambara, nayo ni ya hila, kwa sababu jani laweza kuonekana karibu na siha njema ilhali mzizi umekwisha kuoza ardhini. Kutokana na juhudi hizo ilipatikana programu ya simu iitwayo Nuru, isemayo Kiswahili, na ambayo hufanya kazi bila ya intaneti. Hilo la intaneti mngelidhani ni huruma kwa wakulima wa mbali na minara, nayo ni kweli. Lakini litazameni tena kwa jicho la mchukuzi. Picha iliyo shambani haisafirishwi popote. Kazi nzito ya kufundisha ilikwisha kufanywa mbali, ikafupishwa, ikatiwa mfukoni mwa mkulima, na jani lahukumiwa pale pale lilipoota.

Sasa, kabla ya maswali, nitampa kadi hii bibi aliyekaa mwanzo wa safu ya kwanza, naye ataipitisha. Ishikeni kingo, msiguse uso. Katikati mtaona bamba lenye watenda hesabu 128, na kulizunguka visanduku vyeusi 12, ambavyo ndivyo kumbukumbu, vimebanwa karibu kama kuku na vifaranga. Kisha igeuzeni mtazame ukingo wake wa chini, penye meno 164 yaliyopakwa dhahabu, 82 kila upande, urefu wake wote kama kidole cha kati. Ndiyo bandari yake ya pekee upande wa prosesa. Mwanafunzi wa safu ya nyuma kabisa atakapoipata airudishe kwa njia ileile iliyopitia, nami nitatazama saa.